Bomba Fupi

Maji yakipwa Mtoni tunaingia, tope la magotini,
Ngwira na bomba la plastiki begani,
lile lile la mafundi wa vyoo, tulilikata kwa msumeno,
mimi na ubao, barafu, vifuko, kalamu ya risasi.
Wino hukimbia maji ya chumvi. Risasi haikimbii.
Ndiyo kazi yangu: kwa risasi naandika, risasi naitafuta.

Anasukuma, nahesabu.
Kumi. Ishirini na tano. Arobaini.
Sitini, linagota.
Anaziba mdomo wa bomba kwa mpira, tunavuta,
na tope linaachia kwa sauti
ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Juu ni jeusi, lanuka yai viza.
Chini yake kijivu, na uzi wa mfuko wa sukari.
Sentimita ya thelathini na moja: mstari mwekundu,
mwembamba kama pindo la kanga.
Tunalikata kipande kipande, kama boflo,
kila kipande kifuko chake, kila kifuko jina.

Bi Somoe amesimama na ndoo yake ya tondo.
"Tule au tusile?"
"Bado, mama. Tunachunguza."
"Na aliyekuja mwaka juzi alisema bado.
Huyu Bado ana watoto wangapi? Wanakula nini?"

Ningemwambia nini?
Kwamba kujua kiasi si kujua:
iko risasi iliyolala, imefungwa topeni kama deni la marehemu,
na iko iliyoamka, ipandayo mwilini mwa mnyoo,
mnyoo kwa kaa, kaa kwa sufuria,
na mashine yetu inazihesabu zote mbili kwa namba moja.
Kwamba mashine yenyewe yangoja gesi, mwezi wa saba huu,
na sampuli za Machi zimo kwenye friji
pamoja na soda za kumuaga mhasibu.

Wapo wasemao: lichoteni, mkalitupe.
Wapi? Na tifu lake mkilitimua majini,
litakwenda kutua mlangoni kwa nani, Kurasini au Kijichi?
Wapo wasemao: lifunikeni kwa mchanga, lilale.
Sawa. Lakini Kizinga ukijaa masika
huvuta shuka kama mtoto mwenye homa,
na nguvu ya mkono huo hakuna aliyewahi kuipima.

Fomu inataka tope safi la kulinganishia.
Tulilitafuta Mbweni, Kunduchi, tukavuka hadi Ras Dege,
tukarudi na vifuko ishirini vya labda.
Lipo hapa hapa, Ngwira asema,
chini ya sitini, chini ya viwanda,
limelala halijui jina la jiji.
Bomba letu ni fupi kuliko kosa letu.

Bi Somoe anatua ndoo, anauinamia ubao.
"Wekundu huu naujua.
Mwaka nilioolewa tulifua mashuka hapo juu mtoni,
yakatoka yametiwa rangi na kiwanda.
Mama mkwe alinitazama siku nzima."

Sikucheka. Nililamba ncha ya kalamu,
kisha nikakumbuka mikono yangu imetoka wapi,
nikatema, nikaandika:
sm 31, harusi ya Bi Somoe.
Maabara haijawahi kunipa tarehe ya karibu hivyo.

Maji yakaanza kurudi. Akaondoka na ndoo;
sikuona kama aliimwaga.
Usiku, kwenye mstari wa mahitaji, niliandika:
bomba, mita mbili.
Nikafuta.
Nikaandika mita tatu.